Mota ya Kuazima

Mpwa wangu alifika karakana asubuhi kabla sijamaliza chai, kopo la Blue Band amelificha mgongoni kama mtoto aliyevunja sahani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lete nione."

Ndani ya kopo mlikuwa na mota ya ndege yake ya mfano. Sikuhitaji kuipima. Harufu ya vanishi iliyoungua, ukishaijua mara moja, huisahau tena. Nikaizungusha kwa kidole, ikawa inakwamakwama, na waya zake za shaba zilikuwa nyeusi kama sukari iliyosahauliwa jikoni.

Ndege yenyewe ni ya povu gumu, mabawa yake kama mita moja na robo, na aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama mji. Aliulizia mota ya orijino, akatajiwa bei ambayo pamoja na usafiri ilifika karibu nusu ya pesa aliyotoa kwa ndege nzima. Ndipo akanikumbuka.

"Mjomba, hapo kwenye debe lako hakuna inayofanana na hii?"

Debe hilo linajulikana mtaa mzima hapa Ngamiani, Tanga. Lina mota za redio kaseti, za deki, za printa, za madraya ya saluni, za midoli, na nyingine ambazo hata mimi sijui zilitoka wapi. Mke wangu ameshalitupa mara mbili, na mara mbili nimelifuata jaani. Nilimvutia kijana kigoda, kwa sababu jibu la swali lake si fupi. Wazee wa mchezo huu walianza na swali hilohilo. Kwa miaka mingi hapakuwa na kitu kinachoitwa mota ya ndege ya mfano. Kulikuwa na mota za kazi nyingine, na watu wenye bisibisi.

Zama hizo ndege za mfano zilienda kwa mafuta. Injini yake haizidi ngumi ya mtoto, inakunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na inalia kama nyigu waliofungiwa ndani ya kopo. Ukitoka uwanjani nguo zinanuka wiki nzima. Umeme ulichekwa, na waliocheka walikuwa na hesabu upande wao: betri nzito, mota nzito, nguvu kidogo. Hata hivyo tarehe 30 Juni 1957 huko Uingereza, Kanali H. J. Taplin aliirusha Radio Queen, ndege ya kuongozwa kwa redio, kwa mota ya sumaku ya kudumu na betri za fedha na zinki. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake kuwekwa kwenye kumbukumbu rasmi. Fedha ninayosema ni fedha kweli, ile ya mikufu na vipuli. Mtu wa kawaida angeuza mahari ya binti yake kwanza.

Aliyeniathiri zaidi mimi ni Fred Militky, aliyefanya kazi na kampuni ya Graupner katika mji wa Kirchheim unter Teck, kusini mwa Ujerumani. Alishajaribu tangu miaka ya 1940, na kila mota aliyoipata ilikula umeme na kumrudishia joto. Ukitaka kujua tatizo lake, chukua mota yoyote ya mdoli, uzungushe shafti kwa vidole viwili. Utasikia inakataa, inaachia, inakataa tena, kwa vituo. Hapo ni sumaku inakivuta chuma cha katikati. Chuma hicho hula nguvu kila mzunguko, na kwenye mota ndogo ulaji huo ndio unaomaliza betri.

Fritz Faulhaber, Mjerumani mwingine, alikuwa na mota ndogo isiyo na chuma hicho. Alizisuka waya zake kwa mshazari zikajishikilia zenyewe, kama kikapu cha ukindu kisicho na fremu. Ukiizungusha kwa vidole ni laini, haina vituo. Militky aliichukua mota hiyo, akaifungia giaboksi na propela kubwa inayozunguka taratibu, akaijengea ndege nyepesi. Mwaka 1960 Graupner wakaanza kuuza vifaa vya kuijenga ndege hiyo kwa jina la Silentius. Haikuwa na redio. Unaiachia, inapanda kimyakimya, kisha unaikimbilia huko itakakoangukia.

Militky hakuishia kwenye midoli. Tarehe 21 Oktoba 1973, huko Austria, Heino Brditschka alipaa na ndege iliyoitwa MB-E1, glaida ya mtu mmoja iliyoondolewa injini na kufungwa mota ya Bosch na betri za Varta. Haikufika robo saa hewani, lakini ndiyo ndege ya kwanza kumpeleka mtu juu kwa umeme wa betri peke yake.

Mota ya Faulhaber ilikuwa nzuri na ya gharama. Mtu wa mtaani alihitaji kitu kingine, na kitu hicho kilitoka Japani bila kukusudiwa ndege hata kidogo. Kenichi Mabuchi alikuwa anatengeneza mota za midoli, na kampuni yake ilianzishwa mwaka 1954. Alichokifanya ni kuchagua saizi chache na kuzitengeneza kwa mamilioni badala ya kumshonea kila mteja mota yake kama suti. Ndiyo maana ukifungua printa, kioo cha pembeni cha gari au mashine ya kunyolea, mara nyingi unakutana na kopo lilelile la chuma. Mwaka 1976 Tamiya walitoa gari lao la kwanza la kuongozwa kwa redio, Porsche 934, na ndani yake mlikuwa na Mabuchi RS-540. Kuanzia hapo kila aliyekuwa na gari bovu la mtoto alikuwa na mota, na waliorusha ndege hawakuchelewa kuliona hilo.

Mdogo wa 540 ni 380. Unene wake haufiki milimita 28, uzito wake gramu 70 na kidogo. Graupner waliichukua mota ya aina hiyo, wakabandika karatasi yenye jina lao, wakaiita Speed 400. Ilikuwepo ya volti 4.8, ya 6 na ya 7.2. Wajerumani wakaipenda kama sisi tunavyopenda pikipiki za Kichina. Si bora, lakini ipo, na ikifa unanunua nyingine bila kumwambia mtu nyumbani.

Mimi niliikuta mota hiyo mwaka 1993. Nilikuwa Esslingen kwa mafunzo ya ufundi mitambo, na Jumapili, kwa kukosa cha kufanya, nilikuwa napanda treni hadi Kirchheim. Nje ya mji kuna mlima wenye ngome ya Teck, na chini yake miteremko ya majani ambako wazee walirusha ndege zao. Nilisimama pembeni na koti la kuazima, meno yanagongana kwa baridi. Jumapili ya tatu nikaamua na mimi nitajenga.

Mabawa niliyajenga kwa balsa ya vipande vilivyobaki. Mota sikuwa na pesa yake. Sasa, zama hizo Wajerumani walikuwa na siku ya kutoa nje vitu vikubwa wasivyovitaka, wanavipanga barabarani, na watu walikuwa wanaokota. Kwa mtu wa Tanga ilikuwa kama Idi. Hapo niliokota draya ya nywele ya mkono. Niliifungua bwenini na moyo ukanidunda: mota ilikuwa na unene uleule wa Speed 400. Hata matundu mawili ya skrubu yalikuwa yaleyale, milimita 16 kutoka moja hadi jingine. Nyuma yake walikuwa wameunganisha dayodi nne kwa risasi. Nikazing'oa, nikaifunga kwenye pua ya ndege. Ilikaa kama imezaliwa hapo.

Jumapili iliyofuata niliirusha mbele ya wazee wale. Propela ilizunguka, naam, kwa uvivu wa pangaboi la ofisi ya serikali. Ndege iliteremka mlima kama jani la mwembe, ikakita kwenye uzio wa ng'ombe.

Mzee mmoja mstaafu akaja kunisaidia kuokota vipande. Hakucheka. Aliitoa ile mota, akaitazama kupitia matundu ya ubavuni, akanionyesha waya: nyembamba kama unywele, zimezungushwa mara nyingi mno. Mota ya draya imesukwa kwa volti nyingi kuliko zile 8 na kitu za betri zangu saba za nikeli na kadimiamu. Speed 400 ina waya mnene na mizunguko michache. Kopo ni moja, tumbo ni jingine. Nimefundisha vijana wengi tangu siku hiyo, na hilo ndilo kosa ninaloliona kila mwaka: mtu anapima unene, anapima matundu ya skrubu, anafurahi, anasahau waya.

Wiki iliyofuata mzee aliniletea Speed 400 yake iliyotumika na propela ya plastiki ya Günther, ile nyeupe ya milimita 125 ambayo kila mtu alikuwa nayo. Kisha akanionyesha jambo ambalo ningeapa ni mzaha. Alichukua bilauri ya maji, akaiunganisha mota kwa betri mbili za tochi, akaizamisha majini huku inazunguka. Baada ya dakika chache maji yalianza kuwa ya kijivu, halafu meusi. Brashi za kaboni zikiwa mpya uso wake ni bapa, na zinaigusa komutata ya mviringo kwa mstari tu. Zinapaswa kulika mpaka zikae vizuri, na maji yanaondoa vumbi na joto. Baadaye unaikausha na kutia tone la mafuta kila upande. Bwana wee, mota ile iliamka. Ilikula kama ampea 10, betri zangu za miliampea 500 zikaisha kwa dakika tatu, na dakika hizo tatu bado nazikumbuka moja moja.

Walikuwepo na wenye nazo. Marekani, ndugu wawili, Robert na Roland Boucher wa Astro Flight, walikuwa wanauza mota zenye sumaku za samari na kobalti, nguvu maradufu. Ndio waliorusha Sunrise, ndege ya nguvu ya jua isiyo na rubani, tarehe 4 Novemba 1974 kwenye jangwa la California. Mota zao ziliitwa 05, 15, 40, namba zilizoazimwa kutoka kwenye injini za mafuta ili mnunuzi ajue inachukua nafasi ya injini gani. Niliziona mbili tu, kwenye kabati la kioo la duka, na sikuthubutu kuuliza bei mara ya pili.

Nikarudi nyumbani na Speed 400 kwenye soksi. Miaka kadhaa Tanga sikurusha kitu. Betri zilikufa, na za simu ukizidai ampea 10 zinavimba. Debe nililianza wakati huo, zaidi kwa mazoea kuliko kwa matumaini.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne hii, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda.

Mota ya brashi ina ugonjwa wa kuzaliwa. Umeme unaingia kwenye sehemu inayozunguka kwa kusuguana, na kinachosuguana kinalika na kuchoma. Dawa ni kugeuza mambo: waya zikae, sumaku ndizo zizunguke, na saketi ya umeme iamue koili ipi ipate zamu. Ili hilo lifae angani zilihitajika sumaku kali, na hizo zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Masato Sagawa wa Sumitomo Special Metals na, mbali naye, watafiti wa General Motors walipopata sumaku ya neodimi, chuma na boroni. Kipande cha ukubwa wa punje ya hindi kinaweza kukubana ngozi ukalia.

Mota hizo zisizo na brashi, ambazo ganda lake la nje ndilo linalozunguka, zilikuwa zimeshajaa nyumba za watu bila wao kujua. Zilikuwa ndani ya kompyuta, zikizungusha CD. Wajerumani watatu, Christian Lucas, Ludwig Retzbach na Emil Kühfuß, walionyesha namna fundi wa nyumbani anavyoweza kusuka mota ya ganda la nje yenye meno 12 na sumaku 14, ikazungusha propela kubwa bila giaboksi. Usukaji huo unaitwa LRK kwa herufi za majina yao. Haukupita muda watu wakaangalia mota ya CD ya kompyuta iliyokufa, wakaona meno tisa ya chuma kizuri, beringi na ganda, vyote bure.

Nilisoma habari hizo kwenye intaneti kafe moja ya mjini, nalipia kwa nusu saa. Nikakimbilia deki. Nilifungua deki tatu mbovu za wateja ambazo hawakuzirudia, na zote tatu mota ya kuzungushia diski ilikuwa ya brashi, kopo dogo bapa lisilofaa hata kwa feni ya mtoto. Niliwalaani wale walioandika. Kosa lilikuwa langu. Deki ya sebuleni na kisoma CD cha kompyuta si kitu kimoja. Mota ya hicho cha pili ndiyo yenye meno tisa. Ofisi moja mjini ilikuwa inatupa kompyuta zake, nikapata visoma CD sita kwa bei ya soda ya mlinzi.

Kuisuka ni kazi ya asubuhi moja ukiwa na macho ya ujana, na ya siku mbili ukiwa na miwani. Unalivua ganda, unaondoa waya za kiwandani, nyembamba mno. Ukingo wa kila jino unaupaka rangi ya kucha ili chuma kisikwangue vanishi. Waya wa shaba wa milimita 0.4 niliupata kwa jirani anayesuka mota za pampu za maji. Kwake huo ni uchafu wa sakafuni. Unazungusha mara 14 kila jino: la kwanza, la nne na la saba ni waya mmoja, la pili, la tano na la nane wa pili, yaliyobaki wa tatu. Ukizungusha kwa upande usiofaa kwenye jino moja tu, mota itatetemeka kama mwenye homa, na utalazimika kuhesabu upya yote tisa. Ncha sita zinazobaki unaweza kuziunganisha kwa nyota au kwa pembetatu. Kwa waya uleule, pembetatu inazunguka mara 1.73 ya nyota. Kwa hiyo mtu mwenye mkasi na risasi anapata mota mbili kwa kusuka mara moja.

Sumaku ndizo zilizonitesa. Yule mzee wa Kirchheim, ambaye tuliendelea kuandikiana, alinitumia sumaku 12 kwenye bahasha, kila moja milimita 5 kwa 5, unene milimita 1, amezibandika kwenye kipande cha bati ili zisirukiane. Unazipanga ndani ya ganda kaskazini, kusini, kaskazini, kusini, na kati yake unachomeka vipande vya njiti ya kiberiti ili nafasi zilingane. Nilitia alama kwa kalamu ya wino mwekundu, nikabandika kwa supagluu. Sumaku ya tisa iligeuka mkononi nikaibandika kichwa chini. Kuitoa ilinigharimu kucha.

Kidhibiti mwendo, ile saketi ya kugawa zamu za koili, alinibebea binamu kutoka Maskati, ndani ya boksi la halua. Usiku wa kwanza niliifunga mota kwenye meza kwa jiliwa, nikaiwasha, na karatasi zote za karakana zikaondoka. Gramu zake hazikufika 30. Speed 400 ilikuwa 73, na haikuwahi kuvuta hivyo.

Wenye viwanda vya China hawakuwa wamelala. Miaka michache tu baadaye walikuwa wanauza mota ya aina hiyo ikiwa imeshasukwa na kubandikwa sumaku, kwa pesa ambayo ingenitosha waya na gundi. Nilisuka ya mwisho bila sababu yoyote, kama mtu anayesaga mahindi kwa kinu wakati mashine iko mlangoni. Siku hizi mota hizo zimetoka kwenye michezo zikaenda kazini. Mwaka 2016, droni za eBee zilipokuwa zinapiga picha za kutengeneza ramani ya Zanzibar, jamaa yangu alinitumia picha ya moja ikiwa mikononi mwa mwanafunzi. Watu walitazama kamera. Mimi niliikuza picha nikatafuta mota ya nyuma.

"Kwa hiyo ninunue ipi, mjomba?" Kijana alikuwa mvumilivu, nampa haki yake.

Tuliipima ndege bila haraka. Pamoja na betri ilikuwa gramu 800. Ndege ya kujifunzia kama hiyo inataka kama wati 200 kwa kila kilo ili ipande bila kuomba msamaha. Glaida ingeridhika na nusu yake. Kwa hiyo wati 160. Betri yake ni ya seli tatu, volti 11.1, basi mota iweze kula ampea 14 au 15 bila kuungua. Ile iliyoungua ilipewa propela kubwa kuliko uwezo wake. Alikuwa amebadilisha propela baada ya ya kwanza kuvunjika, akachagua ndefu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Mota ya bei nafuu ya kazi hiyo inajulikana dunia nzima kwa jina la A2212. Namba zinachanganya watu. Hapo 22 ni upana wa kiini cha ndani kwa milimita na 12 ni kimo chake. Mtengenezaji mwingine anapima ganda la nje, anaiita 2830, na ni ileile. Muhimu zaidi ni namba yenye T baada ya mkwaju, yaani mizunguko ya waya kwa kila jino. Ya 13T inazunguka mara 1000 kwa dakika kwa kila volti, ya 10T mara 1400, ya 6T mara 2200. Kadiri waya unavyozungushwa mara chache ndivyo mota inavyokimbia, na ndivyo propela inavyopaswa kuwa fupi. Ni somo lilelile la draya, sasa limeandikwa kwenye karatasi ya kubandika. Nikamwambia achukue 13T na propela ya inchi 10.

Ilifika baada ya wiki mbili, kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Karatasi ilisema 13T. Nikaishika, nikaisikia nyepesi vidoleni, nikaingiwa na shaka. Nikaifunga shafti yake kwenye drili yangu, ambayo nimeshaipima na ni mizunguko 2800 kwa dakika, nikaweka ncha za mita kwenye waya mbili kati ya tatu. Mota ikizungushwa hugeuka jenereta. Ya mizunguko 1000 kwa volti ingenipa karibu volti 2 za umeme wa kupishana. Mita ilisema 1.4. Ukizidisha kupata kilele chake ni karibu volti 2, na 2800 ukigawanya kwa 2 unapata 1400. Tulikuwa tumeuziwa 10T yenye koti la 13T. Tungeifunga ile propela ya inchi 10, kopo la Blue Band lingerudi kabla ya magharibi.

Mpwa wangu alimpigia muuzaji simu mbele yangu. Akaambiwa mota ni mota.

Kijana alitaka kulia. Mimi nilichukua propela ya inchi 8 kutoka ukutani. Matundu ya mota hayakulingana na ya ndege, nikakata kipande cha plaiwudi. Mota mpya ilikuwa na gramu 50, ya zamani 65, kwa hiyo pua ilikuwa imepungukiwa gramu 15, na ndege yenye pua nyepesi hairuki, inatapatapa. Betri haikuweza kusogea mbele tena. Tukafunga nati mbili za baiskeli nyuma ya plaiwudi mpaka ndege ikasimama sawasawa juu ya vidole viwili vya mpwa wangu. Kwenye mita ya wati, mota kwa nguvu zote, ilikula ampea 15.

Tuliirusha Jumamosi alfajiri kwenye uwanja wa mpira, kabla timu hazijaja. Ilipanda vizuri, ila ilikuwa inalia kwa sauti ya juu kuliko zamani, na mpwa wangu alinitazama kwa wasiwasi kila ilipopita. Nikamwambia propela fupi inakimbia zaidi, ndiyo sauti yake, asubiri. Baada ya dakika saba akaitua, akaipindua majanini, nami nikamwambia aweke kidole kwenye ganda la mota ahesabu.

Alihesabu mpaka tano bila kukiondoa. Tukabadilisha betri.